Sindano ya Magharibi: Maisha ya Yudith Fanueli Shemhilu, Nesi wa Kwemhosi

Mchungaji wetu, wazee, ndugu mlioteremka kutoka Vuga, majirani wa Pongwe, wafanyakazi wa shamba la mkonge la Kwemhosi, na ninyi wenzetu Waislamu mliosimama katika jua hili na saumu zenu, familia inawaomba mvumilie kusikiliza maisha ya mpendwa wetu kama yalivyokuwa, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Hadi jana asubuhi alikuwa akipita njia hii hii kwa miguu yake, na leo, Jumatano tarehe 9 Aprili 1958, tunamrudisha mavumbini, wala hakuna hata mmoja kati yetu ambaye akili yake imekwisha kulikubali jambo hilo.

Marehemu Yudith alizaliwa tarehe 14 Machi 1922 huko Vuga, katika milima ya Usambara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fanueli Shemhilu, seremala wa misheni, na mkewe Beatrisi, akabatizwa siku ya Pasaka ya mwaka ule ule. Alianza shule ya misheni mwaka 1930 na kumaliza mwaka 1937, na mwalimu wake aliandika katika cheti kwamba mtoto huyu ana maswali mengi, maneno ambayo babaye aliyachukua kuwa ni lawama, akamchapa, na baadaye, alipoelezwa kwamba ni sifa, akacheka na kumnunulia gauni.

Mwaka 1940 alichaguliwa kujifunza uuguzi katika hospitali ya misheni, akahitimu Novemba 1943, na kuendelea kufanya kazi pale pale kwa mwaka mmoja. Jumamosi tarehe 21 Oktoba 1944 alifunga ndoa na Bwana Rafaeli Asheri Kaoneka, karani wa reli, wakaishi Usagara, Tanga, hadi mwisho wa mwaka 1946, Bwana Rafaeli alipohamishiwa stesheni ya Pongwe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fanueli, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1946, na Anjela, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1949, nao ndio hawa mnaowaona wameketi karibu na jeneza la mama yao.

Jumatatu tarehe 6 Januari 1947 aliajiriwa katika hospitali ya shamba la Kwemhosi, akapewa wodi ya wanawake, na mara nyingi ya wanaume pia, kwa kuwa madresa, wauguzi wa kiume, walikuwa wachache. Wengi wenu mmepita mikononi mwake, hivyo mnajua jinsi alivyofanya kazi. Mwenye nimonia alimketisha na kumwegemeza kwa magunia ya nyuzi za mkonge, hata kama mwenyewe aling'ang'ania kulala chali, mzee aliyepooza aligeuzwa kila baada ya saa mbili, na saa iliandikwa, na mgonjwa wa homa ya matumbo alilindwa dhidi ya ndugu zake mwenyewe, waliokuja na muhogo wa kuchoma chini ya kanga. Alikuwa akisema kwamba dawa ni ya daktari, lakini mgonjwa yuko na nesi kutwa, na mtu unayekaa naye kutwa huna budi kumjua.

Lipo jambo la mwaka 1951 ambalo marehemu hakulificha, wala familia haitalificha mbele ya kaburi lake. Katikati ya Ramadhani ya mwaka ule, Jumatatu tarehe 18 Juni, alikuwa na mgonjwa wa sukari aitwaye Mwatum binti Bakar, wa kambi ya pili, ambaye kila saa moja asubuhi alidungwa sindano ya kushusha sukari baada ya kunywa uji, kwa maana sindano hiyo ikikuta tumbo tupu hushusha sukari hadi mtu akapoteza fahamu. Asubuhi ile marehemu aliona bakuli tupu kando ya kitanda, akaamini uji umenywewa, akadunga kama ilivyoandikwa. Ilipofika saa nne Mwatum alitokwa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, wakadhani ni malaria, kisha akapoteza fahamu, na adhuhuri alikuwa amekufa. Walipoondoa godoro waliukuta uji wote ndani ya kopo lenye kifuniko, ameuweka kwa ajili ya futari.

Marehemu alikwenda kwa daktari mwenyewe kabla hajaitwa, na siku yake ya mapumziko alitembea hadi kambi ya pili, akaketi mkekani na mama wa Mwatum, akamwambia kwamba mwanao nimemdunga mimi, wala sikumwuliza kama amekula. Yule mama akasema, "Mwanangu, mimi niliyemzaa hakuniambia kuwa anafunga, akijua nitamkataza, je, angekwambia wewe?"

Tangu siku ile hakumgusa mgonjwa yeyote kabla ya kumwuliza amekula nini, lini, na nani alimwona akila. Wakata mkonge wakampa jina la Bibi Umekula, na kila alipovuka reli ndogo za shamba vijana walimpigia kelele kutoka juu ya matoroli kwamba leo wamekula pweza, leo wamekula mamba, leo wamekula nyapara, naye akijibu kwamba nyapara ni mgumu, mtafuneni vizuri. Alicheka nao, lakini hakuacha kuuliza, na tangu mwaka 1951 hadi mwaka huu hakuna mgonjwa mwingine wa sukari aliyefia mikononi mwake.

Sasa familia inafika katika wiki mbili za mwisho, na inaomba utulivu, kwa sababu maneno yamekwisha kusemwa gengeni na kisimani, kwamba marehemu alifukuzwa kazi, na mengine mabaya zaidi ya hayo, kwamba alikunywa dawa ili afe, kwa kuogopa shauri la kazini. Ni afadhali mambo yasomwe na tarehe zake, kila mtu asikie kwa masikio yake.

Mwezi wa Machi alilazwa Bi Mwanakhamis, mzaliwa wa Pemba, mke wa Bwana Hija anayeuza mchele na papa mkavu kambini, akiwa na ugonjwa wa sukari na kidonda kilichooza mguuni. Daktari aliandika sindano kila saa moja asubuhi, na baada ya siku chache akaenda likizo hadi baada ya Pasaka. Ramadhani ikaandama, na Jumatano tarehe 26 Machi, chungu cha tano cha mfungo, marehemu alimwuliza Bi Mwanakhamis swali lake la kila siku, na kwa kuwa alimwuliza pia jirani wa kitanda, ukweli ulitoka, kwamba uji wa asubuhi ile ulikuwa umenywewa na huyo jirani, na Bi Mwanakhamis ndiyo kwanza ameanza kufunga alfajiri ile, baada ya kuona kidonda kimeacha kuuma. Sindano ilikuwa tayari mkononi. Marehemu aliirudisha kwenye trei.

Hakumkemea. Alimwita Sheikh Mwinyijuma, ambaye yuko hapa nasi, akaja adhuhuri ile ile na kumweleza mgonjwa kwamba dini imempa ruhusa, ale, akipona atalipa siku zake. Bi Mwanakhamis alimsikiliza kwa adabu yote, akajifunika vizuri, akasema, "Ruhusa nimeisikia, sheikh, wala siikatai. Nitaitumia nikiwa mgonjwa."

Mguu wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa umefungwa bendeji hadi gotini. Sheikh alicheka hadi machozi, na marehemu alicheka pia, lakini alipotoka nje alijua kwamba amebaki peke yake na uamuzi. Kudunga asubuhi kama ilivyoandikwa ni kumfanya Mwatum wa pili, kutodunga kabisa ni kuuacha mguu uoze hadi ukatwe, kumlisha mtu mzima kwa nguvu si uuguzi, na daktari yuko mbali. Akachemsha mkojo wa mgonjwa na dawa ya buluu, nao ukageuka rangi ya tofali, maana yake sukari ilikuwa nyingi na mchana ule hakukuwa na hatari ya kuishiwa. Akaamua kipimo kisibadilike hata kidogo, bali saa ndiyo ibadilike, kwamba sindano itolewe magharibi, futari ikiwa mezani, na asiondoke hadi aone kwa macho yake tende, uji na muhogo vimeliwa. Aliandika katika karatasi ya mgonjwa saa kumi na mbili na nusu jioni, sababu, na jina lake, na siku ile ile akampelekea daktari barua, ambayo baadaye ilijulikana kwamba ilimpita njiani.

Kwa siku nane, kutoka tarehe 26 Machi hadi tarehe 2 Aprili, alifanya hivyo kila magharibi, hata siku ambazo zamu yake iliisha saa nane mchana, na mkojo ulitoka rangi ya tofali ukafika kijani, maana yake sukari imepungua, na kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu pembeni.

Sista msimamizi ana hospitali mbili, hivyo hufika Kwemhosi kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alitia sahihi karatasi bila kuzigeuza. Alhamisi ya pili, tarehe 3 Aprili, alizigeuza, akamwita marehemu mbele ya wenzake na kumwuliza, "Hapa daktari ni nani, Yudith?"

Marehemu alijibu, "Daktari ni daktari, Sista. Mimi ndiye niliyesimama kando ya kitanda."

Sista aliamuru kwamba shauri lisikilizwe Jumanne tarehe 8, daktari akirudi, na kwamba hadi hapo marehemu asiguse sindano ya mgonjwa yeyote, na ile ya Bi Mwanakhamis itolewe saa moja asubuhi na nesi mdogo, Benedikta. Kwa kuwa Sista hawezi kujitetea katika hadhara hii, haki inataka isemwe kwamba hakuwapo mwaka 1951, hakumjua Mwatum, na sheria aliyoifuata imeandikwa. Wenzake marehemu waliulizwa siku ile kama wana la kusema, wakatazama chini, na Benedikta naye akatazama chini.

Marehemu alitii. Ijumaa Kuu asubuhi Benedikta alikwenda na sindano, Bi Mwanakhamis akaificha mikono chini ya shuka na kusema kwamba hadungwi mchana wa Ramadhani na mtu yeyote isipokuwa Mama Fanueli amwambie, na Mama Fanueli, aliyekuwa akibadilisha bendeji kitanda cha pili, hakuweza kumwambia adungwe, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amefunga, wala yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kumdunga magharibi. Ijumaa ikapita bila sindano, Jumamosi ikapita, na Jumapili ya Pasaka ikapita. Siku zile tatu, kwa maneno ya Bwana Rafaeli, mkewe aliketi mezani akikisogeza chakula pembeni ya sahani, na usoni alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Alikuwa akiumwa kichwa tangu Alhamisi ile, akimeza vidonge viwili viwili, na Bwana Rafaeli alipomsihi apime presha, alijibu kwamba atapima Jumanne, shauri likiisha. Sisi sote tuliokula naye Pasaka tulimwona ameshika kisogo, tukamwuliza habari za watoto.

Jumatatu ya Pasaka hakuwa na zamu. Alasiri alipata habari kutoka kwa Bwana Hija kwamba mkewe amelala tangu adhuhuri, haitiki vizuri, na anaomba maji kwa ishara kisha anayakataa. Marehemu alitoka nyumbani na gauni lake la kanisani, akafika wodini jua likielekea kuzama, akachemsha mkojo, nao ulikuwa wa rangi ya tofali kuliko siku zote. Benedikta alisimama mlangoni mwa chumba cha dawa, akamwambia kwa upole, "Mama Fanueli, umekatazwa."

"Nimekatazwa, ndiyo. Sogea nipite, mdogo wangu."

"Na mimi nikiulizwa?"

"Ukiulizwa sema kweli. Jina nitaandika langu."

Benedikta akasogea. Adhana ilipolia kutoka kambini, marehemu alimwinua Bi Mwanakhamis, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko hadi bakuli likaisha, akamdunga kipimo kile kile kilichoandikwa na daktari, akaketi kando yake zaidi ya saa nzima, hadi mgonjwa alipofumbua macho na kulalamika kwamba uji ulikosa sukari. Akaandika saa kumi na mbili na nusu jioni, tarehe 7 Aprili, na jina lake lote.

Jana, Jumanne tarehe 8 Aprili, saa tatu asubuhi, marehemu alifika ofisini kwa daktari amevaa sare iliyopigwa pasi, akiwa na daftari lake. Daktari alikuwapo, na Sista alikuwapo. Aliwaamkia, akaketi, akaweka daftari mezani na kusema, "Saa zote zimo humu, na kila mahali nimeweka jina." Kisha akaomba dirisha lifungwe kwa sababu mwanga unamwumiza, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanguka kutoka kitini. Kifo hakikubisha hodi. Daktari na Sista walimbeba wenyewe hadi kitandani, katika wodi yake mwenyewe, na ni Sista aliyemlaza ubavu, akamfuta kinywa, na kumshika mkono wakati wote. Hakusema tena. Saa saba kasoro dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita na siku ishirini na tano, Yudith alikata roho.

Daktari ametuandikia kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani kwa sababu ya presha kubwa, pengine ya siku nyingi, wala hakuna dawa yoyote iliyokutwa au kudhaniwa. Karatasi hiyo anayo Bwana Rafaeli, na mwenye kutaka kuisoma aende akaisome, kisha anyamaze. Shauri halikusikilizwa. Halikuamuliwa kwamba alikosea, wala halikuamuliwa kwamba alifanya vyema, nasi hatuna uwezo wa kuliamua kaburini.

Kwa niaba ya Bwana Rafaeli, watoto, na ukoo wa Shemhilu na wa Kaoneka, tunamshukuru daktari, aliyepigania uhai wake bila kupumzika, na tunamshukuru Sista, aliyekaa naye hadi mwisho. Tunamshukuru Mchungaji na wazee wa usharika, mkuu wa stesheni aliyetoa behewa la kuwaleta ndugu, na majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri, wengi wao wakiwa na saumu, hata hawakukubali kupumzika. Tunamshukuru Sheikh Mwinyijuma, na mama wa Mwatum, aliyetembea kutoka kambi ya pili na kuosha mwili pamoja na wanawake wa familia.

Wafanyakazi wenzake tunawashukuru wote, na mmoja tunamtaja kwa jina. Jana magharibi, wodi ikiwa bado inalia, na bila kuagizwa na daktari, wala Sista, wala mtu wa familia hii, Benedikta alichemsha mkojo wa Bi Mwanakhamis, akamwekea futari, akasimama hadi imeliwa, na kumdunga. Karatasi ya mgonjwa inaonyesha saa kumi na mbili na nusu jioni, tarehe 8 Aprili, na mbele yake limeandikwa jina la Benedikta, lote, kwa herufi za kusomeka.

Yudith, binti Fanueli, mama Fanueli, umepumzika ghafla, nasi hatukuwa tayari. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana wako. Zamu imepokelewa.